Mbuzi Watatu Mlangoni pa Serikali

Mimi siasa za nchi za watu sikuwa nazitaka. Taarifa ya habari ya jioni ikifika pale kwenye vita vya majirani, ndipo nilikuwa napata nafasi ya kwenda kugeuza chapati. Waziri anasema nchi yetu inataka amani, nchi yetu ni rafiki wa pande zote, nchi yetu inaziomba pande zote zitulie. Sawa, zitulie. Lakini mwaka huo mambo ya nje yalipanda ngazi mpaka ghorofa yetu ya tatu hapa Komarock, yakabisha, yakakaribishwa chai, na mpaka leo hayajaondoka.

Yaliletwa na mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mchonga vinyago aliyekuwa na kibanda chake upande wa Majengo. Kaka alipokufa nilimchukua kijana nikamlea pamoja na wangu. Sasa ni dereva wa lori la saruji, mrefu, mpole, na akiwa na neno zito huanza kwa kuvunja vidole kimoja kimoja mpaka vilie. Jumapili moja aliketi kwenye kiti changu cha jikoni akavunja vidole hata nikamwambia atavihitaji kesho kwa usukani.

"Anti, kuna msichana," akasema.

"Najua kuna msichana. Ama hayo manukato ni ya saruji?"

"Ni wa pale jengo la nyuma. Binti ya yule mama wa vitenge." Akavunja kidole kingine. "Na ako na mimba, anti. Imeshakuwa kubwa."

Woi! Nilikaa chini na mwiko mkononi. Sikukasirikia mimba, mimba zipo tangu dunia iumbwe. Nilikasirikia kwamba ilikuwa imeshakuwa kubwa na mimi ndiyo kwanza naambiwa, mimi niliyesimama mahali pa baba yake. Maana kwetu Ukambani unaweza kufunga ndoa kanisani, kwa mkuu wa wilaya na hata mbele ya Papa, lakini kama hujapeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, hujaoa. Tunaiita ntheo. Dume mmoja huchinjwa pale pale uani kwao, damu inamwagika kwenye ardhi yao, na kuanzia hapo msichana ni wetu na watoto wake ni wetu. Mtoto akizaliwa kabla ya mbuzi, huyo ni wa ukoo wa mama yake, hata ukimlisha mpaka aote ndevu. Kaka yangu alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Mjukuu wake angezaliwa akiwa wa watu wengine, na hao watu wengine, nilipomuuliza kijana kwao ni wapi, alirudia kuvunja vidole.

Mama wa vitenge nilikuwa namjua kwa kuonana. Mkongomani, mwembamba, shingo ndefu, anapita alfajiri kwenda soko la Gikomba na vitenge vimekunjwa begani, anasalimu kila mtu na haulizi mtu chochote. Binti yake anaimba kwaya kanisani kwetu. Nilivaa nguo nzuri, nikachukua sukari na majani ya chai, nikaenda. Mkono mtupu haulambwi.

Alinipokea kwa heshima zote. Chai yake ilikuwa maziwa karibu matupu. Nikaeleza shida yetu, nikaomba radhi kwa niaba ya kijana, kisha nikamwambia tutakuja Jumamosi fulani na mbuzi watatu.

Yule mama akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mbuzi? Dada, unisamehe. Sisi kwetu mkwe analeta ng'ombe. Mbuzi hata baba yangu hakumla mpaka anakufa. Wangesikia wazee wangu nimetoa binti kwa mbuzi, wangefufuka."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia basi kwetu mbuzi ndiye mnyama mwenye adabu, ng'ombe ni wa mashindano, na kama ni ng'ombe anawataka atawafugia wapi, bafuni? Akazidi kucheka. Nami nikacheka kwa lazima. Tukabishana juu ya ng'ombe na mbuzi mpaka chai ikapoa, na mwisho akasema haya, mnyama ni mnyama, walete. Nilidhani tumemaliza. Ndipo nikamweleza habari ya dume na damu na uani.

Akaacha kucheka kabisa.

"Hapa si uani kwetu," akasema.

Nikamwambia hilo halina shida, mtu akipanga nyumba pale anapolala ndipo kwake. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kwa kile Kiswahili chao kinachotembea taratibu. Watu wake ni wafugaji wa milimani, wachache. Babu wa babu yake amezikwa kule. Lakini tangu akiwa mtoto wameambiwa na majirani zao kwamba wao si wa pale, warudi kwao. Warudi wapi, hakuna aliyesema. Siku moja maneno yakageuka mapanga. Mume wake akauawa pamoja na ng'ombe, yeye akatoka na binti mgongoni akatembea mpaka mpakani.

"Sasa dada, wewe unaniambia nikubali damu imwagike hapa, niseme mbele ya wazee wako kwamba hapa ndipo kwetu. Si nitakuwa nimewaambia wale waliotufukuza kwamba walisema kweli? Kwetu ni kule. Mbuzi wenu watachinjwa kule."

"Na mtoto?"

"Mungoje. Vita itaisha."

"Vita ambavyo vilianza msichana wako akiwa mgongoni, na sasa ana mimba ya kumzuia kuona miguu yake!" Nilisema hivyo hivyo. Nilishuka ngazi nikiongea peke yangu, na mlinzi wa jengo aliponiuliza kama niko salama nikamwambia ashughulike na lango lake.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza habari. Chapati ziliungua. Nilitaka kujua vita hivyo vitaisha lini, kana kwamba mtangazaji ananificha. Nikajifunza mambo. Nikajifunza kwamba wakuu wa wale wanaopigana huletwa mjini kwetu kuzungumza amani, wanapelekwa hoteli yenye zulia, wanapigwa picha wakishikana mikono. Kisha zulia linakunjwa, wanarudi kupigana. Kisha ikaja siku ile watu wa mji mkuu wa kule walipoandamana kwa hasira dhidi ya mataifa ya nje, wakavamia balozi, wetu ukiwamo. Tuliona moshi kwenye runinga.

Kesho yake dukani, mwenye duka alimhudumia kila mtu akamwacha mama wa vitenge amesimama. Alipotoka, mwenye duka akasema kwa sauti, "Tunawapa maji, wao wanatuchomea ubalozi."

"Huyo mama angekuwa kule jana, angekuwa amejificha chini ya kitanda," nikamwambia. "Hao hao ndio aliowakimbia. Hebu nipe mkate, na usinipe wa juzi."

Lakini kumnyamazisha mtu mmoja si kunyamazisha mtaa. Kwenye kikundi chetu cha simu cha jengo watu wakaanza kuuliza kwa nini wageni ni wengi, nani anawapangisha, nani anawajua. Watu ambao wenyewe wametoka magharibi na mashariki ya nchi juzi tu, kila Desemba wanafunga milango wanakwenda kwao, wakaanza kuitana wenyeji wa Komarock. Halafu likaja tamko. Wakimbizi mahali pao ni kambini. Wanaoishi mjini na karatasi zao zimepitwa na wakati watapelekwa huko. Karatasi ya mama wa vitenge ilikuwa ofisini ikingoja kufanywa upya. Ilikuwa imengoja sana. Waziri yule yule wa amani na urafiki alisimama nyuma ya aliyelisoma, akitikisa kichwa kukubali. Nikasema mbele ya runinga, na kijana wangu mdogo akasikia: wenye bunduki tunawalaza hotelini, waliokimbia bunduki tunawalaza seli. Akaniambia, mama, usiandike hiyo kwenye kikundi. Niliiandika.

Baba yetu mdogo, ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na yuko kule Mwala, Ukambani. Nilimpigia nikamweleza kwamba mama wa msichana amekataa, kwamba serikali inakamata watu, na kwamba mtoto amekaribia. Nilitaka aniambie la kufanya. Akakohoa, akauliza, "Amekataa mbuzi au amekataa mahali?"

"Mahali."

"Basi nitakuja Jumamosi na mbuzi. Tutaongea naye mbuzi wakiwa wamesimama pale. Ni vigumu kumkataa mgeni ambaye mbuzi wake wanalia."

Jumamosi asubuhi nilikuwa napepeta mchele wakati binti alipopanda ngazi. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, la kitenge cha manjano ambacho mama yake alimchagulia, na uso umevimba kwa kulia. Mama yake alikuwa hajarudi tangu jana. Wanawake waliouza naye Gikomba walikuwa wamempigia binti simu. Askari walipita wakichagua watu, na walipomfikia mama walimwomba karatasi, akawaambia iko ofisini, wakamwambia basi naye aende ofisini. Walimpandisha gari na vitenge vyake bado viko begani.

Nilimkalisha. Nilimpa uji, akaushika tu. Kijana alifika akiwa na viatu vipya, akasikia, akakaa chini sakafuni na viatu vyake vipya. Sasa tungefanya nini? Mama akipelekwa kambini kaskazini kabla ya kupokea mbuzi, binti ni wa nani? Angeweza kuja gari lingine likamchukua yeye, mwana wa kule na mimba ya kule, na sisi tungesimama barabarani tukisema nini? Kwamba tulikuwa tunapanga? Sheria ya serikali ina mambo yake, lakini wazee wa Mwala hawasomi magazeti ya serikali. Kwao kaka yangu angekuwa amekufa bila mjukuu.

Basi wazee hao wakafika. Pikapu, kofia, fimbo, na mbuzi watatu wanaonuka safari. Mlinzi wa jengo akaja mbio kusema wanyama hawaruhusiwi. Hakuna aliyemsikiliza. Baba mdogo alisikia habari yote akiwa amesimama, hakutaka hata kiti.

"Ntheo haipelekwi kwa nyumba," akasema. "Hupelekwa kwa mzazi. Mzazi yuko wapi?"

"Yuko kituo cha polisi, baba mdogo."

"Sasa mbona tumekaa?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tuliingia kituoni wazee watatu wamevaa makoti, mimi na kilemba changu cha harusi, kijana, msichana aliyeshika kiuno, na mbuzi. Askari wa mezani alikuwa kijana wa magharibi, ulimi wake ulimwambia kila mtu. Alitutazama, akachukua kalamu.

"Hawa ni ushahidi? Mwizi yuko wapi?"

"Hatujashika mtu," nikamwambia. "Ninyi ndio mmemshika. Mmemshika mkwe wetu na leo ni siku ya mahari."

Alicheka kwanza. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, aliweka kalamu chini. Baba mdogo akamweleza, mzee kwa kijana, bila haraka. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo, akasema yeye mwenyewe alipeleka ng'ombe wakamrudishia mmoja eti amekonda, kwa hiyo anajua maneno ya wakwe. Akaangalia mlango wa mkubwa wake. Ulikuwa umefungwa.

"Nendeni nyuma, kwenye waya. Nitamtoa hapo kidogo. Na hakuna kuchinja hapa kwangu, sikilizeni, hakuna damu. Sitaki kuandika maelezo."

Nyuma kulikuwa na ua wa seng'enge, na magari mabovu, na kisima cha maji kilichozibwa. Mama wa vitenge alitolewa. Walikuwa wamemvua viatu. Kichwa chake kilikuwa wazi, na sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alimtazama binti, kisha tumbo, kisha mbuzi.

Baba mdogo akavua kofia. Akasema tumekuja kwake, sisi wa ukoo fulani, tuna kijana wetu, na kijana ameona ua zuri nyumbani kwake. Alisema yote kama inavyosemwa, hakuruka hata neno la nyumbani. Mbuzi dume alikuwa anatafuna waya. Kisha akamwuliza, "Mama, umetupokea?"

Yule mama akatazama chini, kwenye miguu yake mitupu. Nilijua anachofikiri, nilikuwa nimebishana nacho usiku mwingi kitandani. Nilitaka kupitisha mkono kwenye waya nimtikise: sema ndiyo, mama, hiyo milima yako haitakuja kukusaidia hapa. Binti yake alianza kulia tena, kimya kimya. Na nilijua pia kwamba akikataa, sitaweza kumlaumu. Ndilo lililoniuma zaidi.

"Hapa tuliposimama ni kwa nani?" akauliza.

Baba mdogo akatazama kulia na kushoto. "Ni kwa serikali, mama."

Akafikiri juu ya hilo. Kisha nikamwona anatabasamu, na lile tabasamu sikulipenda, lilikuwa chungu.

"Kule nilizaliwa, waliniambia toka. Mpakani waliniambia pita upesi. Komarock wananiambia nitoke pia, dukani pale wananiambia kwa macho. Hapa ni mahali pa kwanza maishani mwangu wamefunga mlango ili nisiondoke." Akapitisha vidole kwenye waya, akaushika ule mkanda wa kamba wa mbuzi jike. "Basi pawe hapa. Nimepokea."

Baba mdogo alirudisha kofia kichwani ikamziba macho, akaiacha hivyo. Askari alikuwa amegeuka anatazama magari mabovu. Kijana wetu akapiga magoti kwenye changarawe na suruali yake mpya, na yule mama akamgusa kichwa kwa vidole viwili, pengine vingi zaidi visingepita.

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu jike anakuwa wangu?"

"Ni wako," nikamjibu. "Dume na yule wa tatu tutawachinjia uani kwetu kule Mwala, neno ulilotoa linatosha mahali pa damu. Lakini huyu ni wako wewe mwenyewe."

"Asichinjwe, dada. Mnitunzie."

Jumatatu waliwapandisha wakimbizi wote basi kwenda kambini kaskazini. Tulipofika kituoni na viatu na blanketi, walikuwa wameshaondoka. Askari yule wa magharibi alinirudishia vitenge vyake, vimekunjwa vizuri, na hakutaka kunitazama usoni.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza. Mvulana, ana kipaji cha uso cha kaka yangu, na shingo, loo, shingo ya kule milimani. Ni Mkenya, ni Mkamba, ni wetu, hakuna anayeweza kubishana. Bibi yake hajamwona. Ameomba ruhusa ya kutoka kambini kuja kumwona, anaambiwa angoje. Binti anaogopa kwenda huko na mtoto, asije akaambiwa na yeye abaki. Waziri bado anataka amani. Kule milimani bado wanapigana, na hoteli ile imeshafunguliwa zulia tena.

Mbuzi jike tunamfunga nyuma ya tangi la maji. Mlinzi alilalamika, nikamnunulia maziwa ya chai, akanyamaza. Mwenye duka hunipa majani ya kabichi ya kumlisha, hasemi kitu, nami simwulizi kwa nini.

Yule mama hupiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Mara ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, nilimnyakua mtoto kwa mama yake nikamweka karibu na simu, na mtoto akatoa sauti zote anazozijua. Nikangoja bibi acheke.

"Mbuzi wangu hajambo?" akauliza.

Hasira zangu zikanipanda. "Ala! Mjukuu wako yuko hapa anakulilia, na wewe unaniuliza habari za mbuzi? Wewe uliyesema baba yako hakumla?"

Nikasikia anahamisha simu sikio jingine.

"Mjukuu ni wenu, dada. Mlimtolea mbuzi, mkasema ni wenu, na mimi nikapokea. Mbuzi ndiye wangu."

Nilimrudishia binti mtoto wake, nikashuka ngazi zote na simu mkononi, mpaka nyuma ya tangi. Nikamwekea mbuzi simu mdomoni. Mwanzo alitaka kuila. Kisha akalia, mara moja, akalia tena, na kutoka upande wa pili nikasikia upepo wa kule kambini. Nilisimama hapo nikiishika simu mpaka pesa zake zilipoisha.